Moto Usiokuwepo Katikati ya Chungwa

Mwanaidi,

Salamu za safari utapewa na wengine. Tangu asubuhi uko Pongwe unazunguka nyumba za shangazi zako kuaga, kila mlango unaombewa dua na kulishwa, na utarudi na mfuko wa visheti usiojua uutie wapi. Mimi nimebaki na nyumba alasiri hii, na nina jambo. Nikikuambia kwa mdomo utainuka katikati ya sentensi kama ulivyoinuka juzi. Karatasi utainuka nayo.

Ya koti, ya chakula, ya swala za safarini na ya wanaume mama yako amekwisha kukuambia, na hilo la mwisho amelirudia mpaka mimi mwenyewe nimeanza kuwaogopa wanaume. Sitayagusa. Nitakuandikia kuhusu kitovu cha chungwa.

Picha unaijua. Iko ukutani sebuleni, mama yako ameitia fremu na kuitundika chini ya Ayatul Kursiyyu. Ni chungwa lililopasuliwa katikati, limepakwa rangi na kompyuta: ganda la buluu, nyama ya kijani, na pale katikati kabisa doa jekundu kama kaa la moto. Chini yake umeandika kwamba wimbi la redio likimulika chungwa kutoka upande mmoja, nishati hujikusanya kitovuni, na funza wa nzi wa matunda aliyejificha humo huungua kabla ganda halijapata joto. Kwa picha hiyo walimu wako wa chuo walikupa alama za juu kabisa. Kwa picha hiyo profesa wa Ujerumani amekuandikia kwamba anakungoja, na kwamba kwenye semina ya kwanza utaieleza mbele ya wenzake. Kwa picha hiyo kesho unapanda basi kuelekea uwanja wa ndege.

Hakuna moto katikati ya chungwa, Mwanaidi. Picha hiyo ni ya uongo, na nitakuonyesha ninavyojua, ingawa nadhani hili umelijua kabla yangu.

Sikuwa na nia ya kuichunguza kazi yako. Mimi ninayesoma kila takataka inayochapishwa nchini ili nipate wa kumrarua gazetini, tasnifu ya mwanangu niliifungua ukurasa wa shukrani, nikaliona jina langu, nikaifunga. Nilitosheka. Nilikuwa baba mwenye furaha, na mtu mwenye furaha hasomi.

Aliyeniamsha ni mjomba wako Mbaruku. Siku ya dua yako ya kuagwa alifika kutoka Maramba na kanzu mpya, akala ubwabwa wake, akanawa, halafu akasimama kusema bila kuombwa. Unamjua. Umezaliwa ukimwona na michungwa yake, na unaijua kazi anayoichukia kuliko zote: kuokota machungwa yaliyoanguka, kuyachimbia shimo refu, kuyafukia na kushindilia udongo, kwa sababu funza aliye ndani ya chungwa bovu ndiye nzi atakayetaga kwenye chungwa zima. Ni kazi ya mgongo na harufu. Yeye ndiye aliyewashawishi majirani zake wote waifanye pamoja, maana mmoja akizembea, nzi wake wanahamia kwa mwenzake. Siku ile alisema ameisimamisha.

"Mwaka huu nimewaambia wenzangu, yakhe, tusijitese kuzika machungwa kama tunazika ndugu. Mpwa wangu anakwenda kuleta mashine. Huyu atawachoma funza wakiwa chumbani kwao."

Watu walicheka. Wewe pia ulicheka. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa mkeka nakutazama, nikaona kicheko chako kimekuja kwa kuchelewa kidogo, kisha ukainamia sahani ya wali ambayo ulikuwa umekwisha kuimaliza. Ungeweza kusema, mjomba, ngoja kwanza. Hayo tu. Kusingekuwa na aibu yoyote, watu wangedhani ni unyenyekevu. Ukanyamaza, na Mbaruku akarudi Maramba na kunyamaza kwako, na leo hii chini ya michungwa ya watu wale matunda yanaoza juu ya ardhi na funza wanatoka humo kwa raha zao.

Ndipo nikaenda kusoma kurasa zilizobaki.

Haya nitakayoyaandika sasa unayajua kuliko mimi. Nayaandika kwa maneno matupu, bila alama hata moja ya hesabu, kwa sababu ndani ya alama mtu aliyesoma anaweza kujificha vizuri sana, na nataka nikuone.

Wimbi linalotoka mbali hufika likiwa bapa, safu nyuma ya safu, kama migongo ya bati. Chungwa ni tufe. Bati na tufe havipatani, na taabu yote ya hesabu hii iko juu ya ganda, ambako wimbi la nje na wimbi la ndani lazima yakubaliane kila nukta. Kwa hiyo tunafanya ujanja. Hatulilazimishi chungwa liwe bapa. Tunaliandika wimbi bapa kwa lugha ya tufe. Tunalivunja liwe vipande visivyo na mwisho, kila kimoja na namba yake, kila kimoja na umbo la vilima na mabonde yanayolizunguka tufe, na nguvu inayobadilika kadiri unavyokwenda mbali na kitovu. Cha kwanza kina umbo jepesi. Kila kinachofuata kina mikunjo zaidi. Hakuna kipande namba sifuri, kwa sababu wimbi la umeme na sumaku haliwezi kuvimba sawasawa pande zote kama puto. Ukivijumlisha vyote, bati lako linarudi kama lilivyokuwa.

Na vipande hivi vina tabia. Kipande cha kwanza kinafika hadi kitovuni. Cha pili kinanywea kikikaribia, cha tatu kinanywea zaidi, na cha ishirini hakikanyagi ndani kabisa. Kinakaa huko karibu na ganda kama mgeni asiyevuka baraza. Kwa hiyo pale kitovuni penyewe, katika umati wote huo, kinachosikika ni kipande cha kwanza peke yake. Hili halihitaji kompyuta. Linahitaji mtu atulie na kikombe cha chai.

Mimi nilitulia na kikombe cha chai. Nikajiuliza: kama kitovuni kinasema kimoja tu, na hicho kimoja ni kipole, nani aliyewasha moto wa Mwanaidi?

Juzi asubuhi nikakuuliza. Nakumbuka kila neno, na wewe unakumbuka, lakini acha yaandikwe.

"Ukivijumlisha vipande vyako vyote bila ganda, kama dunia nzima ingekuwa maji ya chungwa, wimbi bapa linarudi?"

"Linarudi, baba."

"Kila mahali?"

Ukamega mkate kwanza. "Kule nje, pale ganda lingekuwa, linarudi vizuri sana."

"Na katikati?"

"Katikati ndipo ulipo ugunduzi wangu," ulisema, ukainuka, chai ukaiacha.

Mtu asiyejua angejibu linarudi, au halirudi, au sijajaribu. Wewe ulichagua mahali pa kusimama. Ulikwisha kujaribu, ukaona kule nje mambo ni sawa na katikati yameharibika, na ukafanya jambo ambalo nimewapiga vita watu wazima kwa sababu yake miaka yote hii: pale hesabu yako ilipovunjika ukapaita ugunduzi.

Hata hivyo nilitaka kuwa mwadilifu. Nilikwenda sokoni nikachagua machungwa yenye alama za kudungwa na nzi, muuzaji akanishangaa kwamba nayakataa mazuri, nikayapeleka kwa Bi Shirin wa duka la vyombo. Unajua ana maikrowevu nyuma ya kaunta, anapashia sambusa zake. Nilimwomba anipashie chungwa.

"Mwalimu," akaniambia, "watu wa kugombana nao wamekwisha mjini, sasa umehamia kwenye machungwa?"

Nikamwambia ni jaribio la binti yangu. Akafurahi, akakuombea kheri, akafuta sahani ya ndani kwa kanga yake mwenyewe. Tukalipasha chungwa mpaka likaanza kulia kama birika. Nikalipasua. Chini ya ganda nyama imeiva, inatoa mvuke, huwezi kuigusa. Katikati pabichi, baridi, na ndani ya ubichi huo funza mmoja mweupe, aliyeshtushwa na mwanga. Akajikunja, akaruka, akaangukia kaunta ya Bi Shirin.

Bi Shirin alimtazama sana. "Mbona mzima?" akauliza.

Akamfunika kwa gazeti, na nadhani lilikuwa gazeti lenye makala yangu, akaniomba nisiwasimulie wateja wake kwamba kwake kuna funza.

Najua utakavyonijibu. Sanduku la maikrowevu si wimbi bapa. Humo mawimbi yanagonga kuta na kurudi, na Bi Shirin si maabara. Kweli kabisa. Ningekuwa na chungwa la Bi Shirin peke yake ningekaa kimya. Lakini nilirudi nyumbani nikaifungua hesabu yako, ile uliyoiacha kwenye kompyuta ya hapa, nikaanza kuvipunguza vipande. Nilibakiza cha kwanza tu. Kitovu kikapoa. Nikaongeza cha pili, cha tatu, cha nne. Kitovu kimepoa vilevile, kama inavyotakiwa. Nikaendelea kuongeza, kimoja kimoja, mpaka nilipofika kwenye vipande vya mbali ambavyo hata nguvu ya kufika katikati havina, na hapo, ghafla, kaa lako likawaka. Kila nilichoongeza kikalichochea. Moto wako umewashwa na wale wasiovuka baraza.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa naingia mimi.

Nguvu ya kila kipande tunaipata kutokana na viwili vilivyo jirani yake. Ukikijua cha kwanza na cha pili unapata cha tatu. Ukikijua cha pili na cha tatu unapata cha nne. Ulianzia chini, kwenye vile vinavyojulikana kwa uhakika, ukapanda. Na ulianzia chini kwa sababu mimi nilikufundisha hivyo. Kwenye meza hii hii, ukiwa kidato cha pili, nilikuwa nagonga rula na kusema: anza unapopajua, panda. Niliwaambia hivyo watoto wote waliopita mikononi mwangu. Mvulana mmoja aliwahi kuanza na jibu akarudi nyuma mpaka kwenye swali, akafika, na hesabu ikawa sahihi. Nikamchapa, nikisema ameingia nyumba kwa kupitia dirishani. Nilidhani naifundisha akili uaminifu.

Lakini karibu na kitovu, kupanda kunaua. Kila hatua unatoa namba mbili zinazokaribia kulingana, na kinachobaki ni kidogo mno, na ndani ya hicho kidogo kuna vumbi la makosa ya kompyuta ambayo haikuweza kuandika tarakimu zote. Hatua inayofuata inalikuza vumbi. Inayofuata inalikuza tena. Kipande kilichotakiwa kunywea kinavimba, na mwisho wa ngazi umebeba vumbi tupu lililovaa nguo za namba. Hakuna hatua hata moja uliyokosea. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa. Ukisahihisha mstari kwa mstari, kama ninavyowasahihisha wanafunzi, unatia alama ya vyema kila mahali na jibu ni upuuzi.

Njia inayosalimika ni ya kushuka, na mimi inanichefua. Unakwenda mbali sana, kwenye kipande ambacho hukihitaji hata kidogo, unatoa namba yoyote mfukoni, ya uongo, unaiweka hapo. Halafu unashuka. Kila hatua ya kushuka inaunyang'anya ule uongo nguvu, vipande vinaanza kukaa katika uwiano wao wa kweli, mpaka unafika chini kabisa kwenye namba inayojulikana kwa uhakika. Hapo unapima: yangu ni kubwa kuliko ya kweli mara ngapi? Unavigawa vyote kwa kiasi hicho, na vyote vinakuwa sahihi kwa pamoja. Mtu kama mimi, aliyetumia maisha kuwadai watu waanze na ushahidi, alilazimika kukaa mbele ya kompyuta na kuanza na namba ya kubuni, akijua ni ya kubuni, kwa sharti moja tu kwamba mwishoni ataipeleka ikapimwe.

Nilifanya hivyo, kwanza bila ganda. Wimbi bapa likarudi kila mahali, hata katikati. Kisha nikarudisha ganda na kuchora picha yako upya. Joto liko pembezoni, upande ule unaopigwa, linafifia kuelekea ndani, na kitovu ni buluu. Ni picha mbaya. Inafanana na chungwa la Bi Shirin. Mama yako hataitia fremu.

Kwa hiyo, la kupanda tugawane. La kuona kwamba katikati wimbi halirudi, kisha ukapapaka rangi nyekundu, ni lako, na sitakusaidia kulibeba.

Nitakuambia na lile ambalo hakuna aliyekuambia katika dua zote hizi. Huna kipaji kikubwa, mwanangu. Nimefundisha wenye kipaji, wachache, nawajua kwa harufu. Wewe una bidii inayotisha na jicho zuri la rangi. Mwenye kipaji akikosea hivi watu husema alikuwa na haraka, husubiri kazi yake ya pili. Wewe hutasubiriwa. Utasimama mbele ya wale wenzake profesa, na mmoja wao, kijana labda, mpole, atainua mkono aulize swali nililouliza mimi nikiwa na mkate mdomoni. Huko huwezi kuinuka ukaiacha chai. Na baada ya hapo, kazi yoyote nzuri utakayofanya, watakuwa wanakutafutia moto katikati yake.

Usidhani nasema haya kwa sababu mimi ni msafi. Unakumbuka habari ya kisima kule pwani ya Mkinga, ulikuwa mdogo lakini ilisimuliwa sana hapa nyumbani. Mpima ardhi mmoja alisema kisima kile kikichimbwa pale kitageuka chumvi. Mimi nikaandika makala. Nilimfanya mpima yule kuwa kichekesho cha mkoa: nilimwita mganga wa maji, niliandika kwamba anaonja bahari kila anapokunywa chai. Watu waliikata makala ile wakaibandika kwenye vibanda. Kisima kikachimbwa kwa shangwe, na msimu wa pili wa kiangazi maji yakawa chumvi. Nikaandika kusahihisha. Mistari michache, ukurasa wa ndani, chini ya matangazo ya vifo. Hakuna aliyeisoma. Mpaka leo nikienda upande ule nakutana na watu wanaonishika mkono na kunikariri ile sentensi ya chai, wanacheka, huku wamebeba ndoo wanatoka kuteka maji kijiji cha pili. Ningewaambia nini? Wananipenda kwa uzuri wa maneno. Yule mpima alihama, na waliobaki wanamkumbuka kwa utani wangu tu.

Nilichokipata pale ni hiki: masahihisho hayana miguu. Uongo mzuri unafika Maramba kwa basi la kwanza, na masahihisho yake yanakwama hapa mjini yakitafuta nauli. Ukitaka kuuzuia, uzuie ukiwa bado mlangoni. Picha yako imetoka mlangoni siku ya dua, lakini bado inaonekana mgongo. Inaweza kuitwa.

Mama yako anajua ninachoandika. Asubuhi alinikuta natafuta karatasi akanisimamia mlangoni na mwiko mkononi.

"Wewe huwezi kumpenda mtu mpaka umsahihishe," akasema.

Nikajaribu kumfanyia mzaha, kwamba yeye nimemsahihisha miaka yote hii na bado sijafika mwisho wa kitabu. Hakucheka. Akaniuliza, wakikunyang'anya ufadhili wa masomo itakuwaje. Nikasema basi watakuwa wamekunyang'anya, utarudi, utafundisha hapa kama mimi, hakuna aliyekufa kwa kufundisha. Akaniuliza kama nitafurahi ukirudi. Alikuwa ananitazama aliponiuliza hivyo, Mwanaidi, na mimi nikarudi kutafuta karatasi. Kuna upande wangu ambao ungefurahi. Wewe ungekuja kukaa kwenye meza hii, tungebishana kila asubuhi. Ujue hilo pia, ili unaposoma ukali wangu ujue kwamba sina mikono safi hata katika ukali.

Kisha mimi nikamuuliza yeye: na Mbaruku? Ni kaka yake, amekula naye chungwa moja tangu utotoni. Majirani wa Mbaruku, ambao hawakuja kwenye dua wala hawakula ubwabwa wetu, lakini wameacha mashimo yao wazi kwa neno la binti asiyewajua? Mama yako aliuweka mwiko chini akaenda sebuleni. Nilipokwenda kutazama baadaye, picha bado ilikuwa ukutani.

Anaogopa. Simlaumu. Anaogopa kwamba nitakuvunja usiku wa kuamkia safari yako. Mimi naogopa kwamba utaondoka mzima hivyo hivyo, na hilo doa, na utajifunza huko kwamba linalipa. Nimewaona waliojifunza hivyo. Wana vyeo, wana magari, wanahojiwa redioni, na ukiwagusa mahali fulani katikati hakuna anayejibu. Nimewaandika wengi wao, na hakuna hata mmoja aliyeanza kwa uongo mkubwa. Kila mmoja alianza siku moja, mezani, na mkate mkononi, akijibu swali jepesi kwa kuchagua mahali pa kusimama.

Sasa ya kesho.

Mbaruku anashuka kutoka Maramba kuja kukuaga stendi. Nimempigia simu nikamwambia una neno naye kabla hujapanda. Akauliza, "La kheri?" Nikamwambia atalisikia kwako. Sikuongeza kitu, na amekaa na hilo tangu mchana.

Usimweleze habari za vipande wala za kupanda na kushuka. Hazimhusu, na utazitumia kujificha. Mwambie: mjomba, nilikosea, hakuna mashine, rudini mkazike machungwa. Atafadheheka, kwa sababu amekutangaza Maramba nzima, na akifadheheka hupandisha sauti. Atakuita mwongo mbele ya wapagazi na abiria. Simama hapo akuite. Hutakufa, na yeye ataondoka akiwa na kazi ya kufanya, ataifanya akikulaani, na michungwa itapona bila kujali anamlaani nani. Ukishaketi kwenye kiti chako mwandikie profesa, kabla hamjafika njia panda ya Segera, wakati hasira ya mjomba wako bado iko masikioni. Mpelekee picha ya buluu, nimekuwekea kwenye kompyuta yako. Mwambie uliiona hitilafu kabla ya leo. Sentensi hiyo usiiruke. Ndiyo pekee ambayo hawezi kuigundua mwenyewe.

Anaweza kukuambia usije. Basi mwambie dereva akushushe hapo Segera, panda la kurudi.

Na ukipanda bila kumwambia Mbaruku, nitamwambia mimi, na si kwa simu. Nitaandika gazetini, kama ninavyowaandika wengine, kwa jina lako kamili ambalo nusu yake ni langu, kwa sababu kule Maramba wananisoma, na safari hii nataka masahihisho yafike. Umenisoma tangu ulipojua herufi. Unajua nikianza sibakizi. Nitaitafuta sentensi ya kuchekesha, nitaipata, watu wataikariri vibandani, na utaisikia huko uliko kutoka kwa Mtanzania wa kwanza utakayekutana naye. Usiku wa kuiandika sitalala, lakini nitaiandika.

Barua hii nimeifunga kwa uzi kwenye mshikio wa begi, nje, usije ukaniambia uliiona ukiwa Ulaya. Lala mapema. Mjomba wako ni mtu wa kuwahi, na kesho utamkuta amekwisha kufika, amesimama penye mlango wa basi, anakungoja.

Baba yako